NAFAKA YA MTOTO ALIYEBALEGHE NAYE ANGALI MASOMONI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baad: somo hili ni katika mas'ala ya nafaka, nalo lahusu neno moja ambalo waume wengi wa pwani hulitamka kwa ulimi mwepesi, wala hawalipimi kwa mizani ya Sharia: kwamba mtoto akishabaleghe, au akishatimiza miaka 18, baba amekwisha kutuliwa mzigo wake, ijapokuwa mtoto huyo yumo katika masomo wala hana kitu mkononi.

SURA YA MAS'ALA

Na uchukuliwe mfano, wa kufahamishia tu, wa mtu wa Pangani aliyekwenda Iringa kwa biashara ya nguo. Akaoa huko, akapata watoto watatu, kisha akamwacha mkewe kwa talaka, akarejea pwani na kuoa mke mwingine. Mahakama ikamwamuru atoe nafaka ya watoto kila mwezi, naye akawa akitoa. Mtoto wa kwanza alipotimiza miaka 18 alikuwa kidato cha tano. Baba akaikata nafaka yake mwezi ule ule. Kijana akavumilia, akafaulu mtihani wa kidato cha sita, akaitwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya kusoma uhandisi. Mama akapeleka khabari pwani, akiomba msaada wa ada na chakula. Baba akajibu: "Mwana amekwisha kuwa mtu mzima, na ajitafutie. Sharia imenivua."

Je, jawabu hili ni la haki? Na kama si la haki, limekosea wapi?

FASLU YA KWANZA: ASILI YA NAFAKA

Nafaka ya mtoto juu ya babake ni wajibu uliothubutu kwa Kitabu, na kwa Hadithi, na kwa itifaki ya wanavyuoni. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amemkalifisha baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye kwa ajili ya mtoto, kwa kadiri ya wema unaojulikana, na akakataza mzazi yeyote asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Katika Sura ya At-Talaq, aya ya 7, akaamuru mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika kile alichopewa. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Hind binti Utba alimshitaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume (S.A.W.) ya kuwa ni bakhili, Mtume akampa ruhusa atwae katika mali ya mumewe, bila ya mume kujua, kadiri ya kumtosha yeye na wanawe kwa wema.

Katika Hadithi hii mna mafundisho mawili makubwa. La kwanza, nafaka ya mtoto ni haki yake, si sadaka ya baba. Kama ingekuwa sadaka, Hind asingaliruhusiwa kuitwaa pasipo idhini. La pili, kipimo chake ni utoshelevu. Kwa hivyo wanavyuoni wa Kishafi'i wamefarikisha: nafaka ya mke ina kipimo kilichowekwa, kwa kutazama utajiri au umasikini wa mume, ama nafaka ya mtoto haina kibaba maalumu, bali ni kile kinachomtosha, kwa umri wake na hali yake na mahali alipo.

Na ajue kila baba ya kuwa talaka huvunja ndoa, haivunji ubaba. Wala mama akiolewa na mume mwingine, nafaka ya watoto haimwandami huyo mume wa pili. Imebaki juu ya shingo ya baba.

FASLU YA PILI: LINI WAJIBU HUONDOKA

Kwa madhhabu ya Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu, mtoto hustahiki nafaka akiwa ni fakiri na pamoja na ufakiri huo akawa mdogo, au mgonjwa asiyeweza kazi, au mwenye wazimu. Akibaleghe naye ni mzima wa mwili na akili, tena aweza kuchuma chumo linalomstahiki, asili ni kuwa wajibu umeondoka. Hapa ndipo yule baba wa Pangani alipoegemea, na neno lake lina mzizi. Lakini ameushika mzizi akaliacha tawi.

Maana si kubaleghe peke yake kunakoondoa wajibu, bali ni kubaleghe pamoja na uwezo wa kuchuma. Kijana kiwete asiyeweza kazi, hata akifika miaka 40, nafaka yake yamkabili babake akiwa naye hana mali. Na kinyume chake, mtoto mdogo aliyerithi nyumba yenye kodi ya kumtosha hatolewi katika mali ya babake, bali hutumiwa katika mali yake mwenyewe. Basi sababu ya hukumu ni haja ya mtoto na kushindwa kwake. Hesabu ya miaka ni alama tu.

Madhhabu nyingine zina maneno yao. Wahanafi na Wamaliki wameiendeleza nafaka ya binti mpaka aolewe. Na Wahanbali wamesema ya kuwa mtoto fakiri, asiye na mali wala chumo, ana haki ya nafaka ijapokuwa amebaleghe naye ni mzima. Haya yatajwa ili ijulikane ya kuwa anayesema "Uislamu humwacha mtoto siku ya kubaleghe" hakusema neno la Uislamu wote, wala hata la madhhabu yake mwenyewe kwa ukamilifu.

FASLU YA TATU: MWENYE KUTAFUTA ELIMU

Wanavyuoni wa Kishafi'i waliokuja baadaye waliitazama hali ya kijana aliyebaleghe, mzima, lakini ameshughulika na elimu, na kuchuma kutamkata na masomo yake. Wakamtoa katika ile hukumu ya asili, wakasema nafaka yake ni wajibu wala halazimishwi kufanya kazi. Wakashurutisha mambo: awe katika elimu ya Sharia au elimu zilizo vyombo vyake, awe ni mwenye kutarajiwa kufaulu, na liwe chumo lenyewe lamzuia kweli. Na Wahanafi nao wana neno lililo karibu na hili.

Kumebaki suali: uhandisi, utabibu, ualimu na hesabu, je, zaingia? Imamu Ghazali alibainisha katika Ihya ya kuwa utabibu na hesabu ni katika fardhi za kifaya. Mji ukikosa mtu wa kuzisimamia, watu wote wa mji wamepata dhambi. Na hali ya leo si ile ya zamani, ambapo kijana wa miaka 15 alikuwa akishika jahazi au shamba la babake akajitosheleza. Kazi nyingi za leo hazishikwi ila kwa cheti, na cheti hakipatikani ila kwa miaka. Kwa hivyo wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wameikisia elimu yenye manufaa juu ya elimu ya Sharia.

Nchi za Kiislamu nazo zimefuata njia hiyo katika kanuni zao. Misri, kwa sheria ya mwaka 1985, iliweka ya kuwa nafaka ya mwana haikatiki akiwa ameshindwa kuchuma kwa sababu ya kutafuta elimu inayowafaa walio mfano wake na inayolingana na uwezo wake. Oman, ambako watu wengi wa pwani wana ndugu na jamaa, kwa sheria yake ya mwaka 1997 iliiendeleza nafaka ya binti mpaka aolewe, na ya mwana mpaka afikie umri ambao wenzake huchuma, illa akiwa ni mwanafunzi anayeendelea kwa kufaulu kwa kawaida. Na Jordan, kwa sheria ya mwaka 2010, ilimlazimisha mwenye kutoa nafaka atoe gharama za masomo mpaka shahada ya kwanza, kwa sharti mtoto awe ni mwenye kufaulu na mwenye kustahiki kusoma.

Yatazamwe masharti haya: yote yanarudi katika mambo manne. Mtoto awe na haja. Masomo yawe ya manufaa. Awe anasoma kweli na kufaulu. Na baba awe na uwezo. Likikosekana moja, hukumu hugeuka.

FASLU YA NNE: UWEZO WA BABA NA MPANGO WA HAKI

Hapana baba anayekalifishwa asichoweza. Nafaka ya jamaa hutolewa katika kile kinachozidi baada ya chakula cha mtu mwenyewe na mkewe kwa mchana wake na usiku wake. Kisha, kisipotosha wote, wanavyuoni wa Kishafi'i wameweka mpango: mtoto mdogo hutangulia, kisha mama, kisha baba, kisha mtoto mkubwa. Basi yule mtu wa Pangani akiwa ana watoto wadogo kwa mke wa pili, na mama mzee asiye na kitu, na chumo lake ni la kuwatosha hao tu, hana dhambi kwa kumwambia kijana wa Mbeya: "Mwanangu, sina." Lakini ana dhambi akisema "sina" naye anajenga nyumba ya pili, au anafanya karamu ya kushindana. Mwenyezi Mungu aijua mifuko kama azijuavyo nyoyo.

Na baba akifa au asipokuwa na uwezo, wajibu huhamia kwa babu mzaa baba mwenye nafasi, kisha kwa mama. Jambo hili limesahauliwa sana. Mara nyingi mama wa Iringa huuza vitunguu sokoni kulipa ada, hali babu yuko pwani na minazi yake.

FASLU YA TANO: SHERIA YA SERIKALI

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na imewawajibisha wazazi matunzo yake, na elimu ni katika matunzo hayo. Amri ya nafaka iliyotolewa na mahakama kwa kawaida hukoma mtoto anapofika miaka 18. Lakini sheria ile ile imeipa mahakama uwezo wa kuiendeleza amri baada ya umri huo, mtoto akiwa yumo katika masomo au mafunzo. Basi baba asemaye "serikali imenivua" amesoma mstari mmoja akaacha wa pili.

Na faida ya mstari huo wa pili ni kubwa kwa hesabu ya umri. Mtoto aingiaye darasa la kwanza na miaka 6 au 7 humaliza la saba na miaka 13 au 14, kidato cha nne na 17 au 18, na kidato cha sita na 19 au 20. Maana yake, watoto walio wengi hutimiza miaka 18 kabla hawajauona mlango wa chuo kikuu. Amri ikiachwa kufa siku hiyo, imekufa pale pale haja inapokuwa kubwa zaidi.

Lakini amri haijiendelezi yenyewe. Yapasa maombi yapelekwe mahakamani, na ni heri yapelekwe kabla ya ile ya kwanza kukoma, pamoja na cheti cha kuzaliwa, barua ya chuo, na hesabu ya ada. Mwenye kutaka njia nyepesi aanze kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Ama kadhi wa BAKWATA, aliyeko Bara tangu mwaka 2012, hana nguvu za kiserikali za kulazimisha; hukumu yake ni nasaha na suluhu kwa waliokubali. Huko Zanzibar na Kenya mahakama za makadhi zimo katika sheria za nchi.

Na hapa pana siri katika fikihi yenyewe. Nafaka ya mke ikipita siku zake bila kutolewa huwa deni juu ya mume. Ama nafaka ya mtoto, kwa Kishafi'i, haiwi deni kwa kupita siku, illa kadhi akiifaridhi au akiruhusu kukopa juu ya baba. Kuna waume walioijua hukumu hii wakaifanya ngome: hungoja miezi ipite, wakijua ya kuwa iliyopita haidaiwi. Na wajue ya kuwa kuondoka kwa deni si kuondoka kwa dhambi. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) ameeleza ya kuwa yamtosha mtu kuwa mwenye madhambi kuwapoteza wale walio chini ya riziki yake.

FASLU YA SITA: KADIRI YA KUTOA

Nafaka hupimwa kwa mahali. Iringa iko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,600, na Mbeya kwa mita zipatazo 1,700. Katika mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko si ya kuchezewa. Kijana aliyetoka Tanga au Kilwa na kanzu mbili na shuka moja hawezi kulala. Basi blanketi, sweta na viatu vya kufunika mguu ni katika mavazi ya wajibu kule, hata kama Pangani vingehesabiwa kuwa ni anasa. Na nauli yahesabiwa vile vile, kwani kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800.

Serikali imepunguza baadhi ya mzigo: ada ya shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Katika vyuo vikuu iko Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Baba husema: "Na akope kwa Bodi." Naam, mwana akipata mkopo wa kumtosha chakula na ada, haja yake imepungua, na kadiri ya nafaka yapungua pamoja nayo. Lakini mkopo ni deni juu ya mtoto: akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka uishe. Na ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani, iliyowatia Waislamu wengi wasiwasi wa riba, iliondolewa mwaka 2021. Pamoja na hayo, si kila mwombaji hupata, wala si kila apataye hupata kwa ukamilifu. Baba mwenye nafasi ampelekaye mwanawe kukopa ili yeye aihifadhi mali yake, amemtwisha mwana deni la baba.

FASLU YA SABA: WAJIBU WA UPANDE WA PILI

Haki hii si ya kuchezewa na mtoto. Mwanafunzi aliyetumiwa kodi ya chumba akaila kwa starehe, au aliyefukuzwa masomoni akaficha, au aliyefeli mwaka baada ya mwaka kwa uvivu, huyo ameitoa nafsi yake katika sharti. Baba ana haki ya kuonyeshwa matokeo ya mtihani, na ana haki ya kulipa ada chuoni moja kwa moja.

Wala haifai kwa mama kuifanya nafaka kuwa fimbo ya kumpigia aliyemwacha, akazidisha hesabu, au akamzuia mtoto asimpigie babake simu. Aya iliyomkataza baba kumdhuru mama imemkataza mama pia kumdhuru baba.

Lililo bora kwa wote ni mapatano ya kuandikwa: kiasi gani, kwa njia gani, mpaka lini, pamoja na mashahidi wawili. Mwenyezi Mungu ameamuru kuandikiana madeni katika aya ya 282 ya Al-Baqara, na kuandika huondoa ugomvi.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Je, baba anaweza kulipa ada ya mwanawe katika zaka yake?
Jawabu: Hawezi, maadamu nafaka ya mtoto huyo ni wajibu juu yake. Kwa kufanya hivyo atakuwa amejilipia deni lake kwa mali ya masikini.

Suali: Akimtolea huyu wa chuo kikuu shilingi nyingi na yule wa darasa la nne kidogo, amevunja uadilifu baina ya watoto?
Jawabu: Hakuvunja. Uadilifu katika nafaka ni kila mmoja apate haja yake. Sawa kwa sawa yatakiwa katika zawadi na hiba.

Suali: Mtoto anasoma Iringa katika chuo kilichoanzishwa na kanisa. Je, baba ana ruhusa ya kukata nafaka kwa sababu hiyo?
Jawabu: Elimu ya hesabu au ya sheria haibadiliki kwa mwenye jengo. Baba amuulize mwanawe khabari za Sala zake, Ijumaa zake na marafiki zake, na amtafutie wenzake Waislamu wa mji ule. Kumkatia chakula hakumlindi dini. Huenda kukamtupa kwa watu wengine.

Suali: Binti aliyefaulu, je, baba aseme "ataolewa" akamnyima?
Jawabu: Binti asiyeolewa ana haja kama ndugu yake, na kwa madhhabu zilizotajwa haki yake ni yenye nguvu zaidi. Akiolewa, nafaka yake ni juu ya mumewe. Na masomo yake yashurutishwe katika mapatano ya ndoa.

KHATIMA

Basi jawabu la yule mtu wa Pangani ni hili. Neno lake lingekuwa sahihi kama mwanawe angekuwa amebaleghe, ana nguvu, na amekaa barazani. Lakini mwanawe ni fakiri, yumo katika elimu yenye manufaa, amefaulu, na kuchuma kutamkata. Baba akiwa na nafasi, nafaka ingali shingoni mwake mpaka masomo hayo yaishe au kijana aweze kujitosheleza. Asipokuwa na nafasi, atoe alicho nacho, ijapokuwa ni nauli ya kwendea, pamoja na radhi yake; na asiseme ya kuwa Sharia imemvua.

Na akumbuke kila baba ya kuwa siku itafika atakapokuwa yeye ndiye mzee asiyeweza kuchuma, na nafaka yake iwe juu ya huyo huyo mwana. Sharia imeupanga mzigo huu upokezanwe. Mwenye kuutupa njiani asistaajabu akiukosa mwisho wa safari.

Mwenyezi Mungu awape wazazi wasaa na uadilifu, na awape watoto elimu yenye manufaa na wema kwa wazazi wao. Amin. Wallahu aalam.